Visima Nilivyovijaza Nikiwa Mezani

Nilipiga kelele ofisini nikiwa na miaka hamsini na saba. Haikuwa kelele ya kuona nyoka. Ilikuwa ya furaha, ya mtu mzima mwenye miwani puani na kikombe cha chai mkononi, hata mlinzi akapanda ngazi mbiombio kuja kuuliza kuna nini. Ningemwelezaje kwamba nimeona kioski cha maji cha Nkuhungu kikijitaja chenyewe?

Ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi za takwimu mnayakuta mambo haya yameshazoeleka. Kwangu yalikuwa kama harusi. Siku ile Nasrin, binti aliyeajiriwa miezi michache nyuma kusimamia mitambo ya ofisi yetu ya takwimu za mji, hapa Dodoma, alikuja mezani kwangu ameikumbatia kompyuta yake.

"Shikamoo Mama Yusta. Una dakika mbili?"

"Marahaba mwanangu. Nina miaka mitatu, kisha nastaafu. Sema."

Akaandika anwani ndefu ya intaneti, mwishoni akaweka neno Nkuhungu, akabonyeza. Skrini ikajaa maandishi, alama za nukuu na mabano yenye mikia. Niliona vurugu tupu. Kisha jicho langu likatua kwenye namba moja, nikaitambua. Ilikuwa namba ya kioski cha maji kilicho jirani na nyumbani kwangu, na niliitunga mimi mwenyewe, kwa penseli, nikiwa bado nasuka nywele mafungu mawili.

"Hii namba ni yangu!"

"Ni yako, Mama. Sasa yeyote akiiomba anaipata. Hata aliye Mwanza. Hana haja ya kuja kukusubiri hapa kwenye benchi."

Ndipo nikapiga kelele.

Kitu kile kinaitwa API, nanyi mnaijua kuliko mimi. Lakini niwaambie nilivyoielewa mimi, maana huenda mkawa na kazi ya kuwaelezea wazee wenzangu. API ni dirisha la ofisi. Kwa miaka mingi dirisha lilikuwa mimi. Mtu anakuja anataka kujua kata yake ina vituo vingapi vya maji. Anaambiwa aandike barua. Barua inagongwa mhuri, inapanda juu, inashuka, inanifikia Alhamisi, na Alhamisi hiyo mimi nipo msibani kwetu Kibakwe. Dirisha hili jipya haliendi msibani. Halina shangazi wala mjomba. Ukiliomba kwa utaratibu wake linakupa hapohapo, uwe mkubwa wa serikali au fundi anayechomelea mageti Kizota. Ila ukiliuliza vibaya linakujibu vibaya, na wala halikuonei huruma.

Mimi nililiuliza vibaya siku ya pili tu. Nasrin alikuwa amenifundisha kuomba, nami kwa kiherehere nikaomba vituo vyote vya maji vya mji mzima. Nikahesabu vilivyokuja. Mia moja. Nikaenda mbio kwa mkuu wetu wa kitengo, Bwana Senyagwa, mtu mpole mwenye hofu nyingi, nikamwambia kuna mtu amefuta takwimu zetu, vituo vimebaki mia moja tu! Yule baba akasimama, akakaa, akasimama tena. Akaitwa Nasrin.

"Mama," akasema Nasrin, akijikaza asicheke, "huo ni ukurasa wa kwanza. Inakupa mia mia. Inabidi uombe wa pili, wa tatu, mpaka zitakapokwisha."

Basi shikeni hilo. Jibu likija na namba nzuri ya mviringo, litilieni shaka. Vitu vya duniani havijihesabu kwa mamia kamili.

Kulikuwa na mengine ya kuchekesha. Tulipoanza kuziweka takwimu kwenye lango, yaani ule ukurasa wa intaneti ambako mji unaanika takwimu zake hadharani, tulichora ramani ya majaribio. Tukafungua. Dodoma ilikuwa kavu kabisa, hakuna hata doa moja la kisima. Tukatafuta, tukatafuta, tukavikuta vyote vimerundikana baharini, karibu na pwani ya Moroko. Nilikuwa nimebadilisha nafasi za safu mbili: latitudo nimeiweka kwenye longitudo. Kuna mara nyingine nilisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, na gereji zote za Kizota zikahamia kusini mwa Uhabeshi. Nasrin akasema, "Mama Yusta, wewe una pasi ya kusafiria kubwa sana." Tangu hapo nikajiwekea desturi: kabla sijaamini faili lolote, naangalia kwanza kama nyumba yangu ipo mahali pake. Fanyeni hivyo. Chukueni sehemu moja mnayoijua kwa miguu, itafuteni hiyo kwanza.

Hiyo habari ya miguu sikuitunga mimi. Niliipata kwa Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu alikuwa mchora ramani wetu nilipoajiriwa. Alitoka vijiji vya Chemba, kwa wale wanaosema lugha ya vidoko, ile ambayo ulimi unapiga mlio katikati ya neno. Alikuwa akilitaja jina la kijiji chao sisi makarani tunabaki tunatazamana, hakuna anayejua herufi ya kuandika kidoko. Alitusimulia kuwa zamani makarani watatu walipelekwa kule kwa nyakati tofauti, kila mmoja akaandika alivyosikia. Orodha iliyofuata ilikuwa na vijiji vitatu. Kila kimoja kikapangiwa siku yake ya chanjo, na waganga wakafika kijiji kilekile mara tatu, watoto wakawa wanakimbilia milimani.

"Kijiji chetu kilijifungua mapacha," alikuwa akiniambia, huku akifuta machozi ya kicheko; wakati huo sikuwa na mtoto, naitwa kwa jina langu. "Jina ni la wenyewe, Anjelina. Kwenye orodha kipe kitu namba, na namba hiyo usiibadilishe mpaka kiyama."

Ndiyo maana kioski cha Nkuhungu kilikuwa na namba.

Tena alikuwa na swali moja, analiuliza kila ukimpelekea karatasi: "Mguu wako umefika?" Ukisema ndiyo, anachora. Ukisema hapana, umesikia kwa mtu, anaweka alama ya kuuliza kwa penseli nyekundu na kuendelea na kazi yake. Hakukasirika. Ramani zake zilikuwa zimejaa alama nyekundu kama surua, na wakubwa walikuwa wakinung'unika kwamba zinaleta aibu. Yeye hakuzifuta hata moja hadi mtu alipokwenda na kurudi na vumbi miguuni.

Alistaafu. Mimi nikabaki, nikapanda cheo, nikazoea kiti.

Wiki ile ya kuzindua lango tulikuwa na shamrashamra. Wageni wamealikwa, maturubai yamefungwa, Bwana Senyagwa ana tai mpya. Mimi kazi yangu ilikuwa kuingiza hali ya kila kituo cha maji. Mfumo ulinipa machaguo mawili tu: "kinafanya kazi" au "hakifanyi kazi". Fomu nilikuwa nazo mezani. Lakini fomu arobaini na moja zilikuwa tupu mahali pa hali. Mvua za mwaka ule zilikata makorongo, wakaguzi hawakufika mitaa ya pembezoni. Nikajaribu kuacha wazi. Mfumo ukanigomea: *sehemu hii ni ya lazima*. Nikajaribu tena, ukanigomea tena.

Nikaangalia saa. Nikachagua "kinafanya kazi". Arobaini na moja. Ilinichukua muda wa kunywa chai ya pili. Nikajiambia nitarudi kuzisahihisha uzinduzi ukiisha. Nilikuwa nazijua zile sehemu, visima vile vilikuwa vizima nilipopita, sijui lini.

Uzinduzi ukafana. Sikurudi.

Na lango likapendwa! Msinione nasimulia kosa mkadhani ilikuwa huzuni. Ilikuwa raha ambayo sijawahi kuiona kazini. Wanafunzi wa vyuo walichora ramani. Mwenyekiti mmoja wa mtaa alikuja na simu yake kunionyesha kwamba tumesahau bomba lao la msikitini, tukaliongeza akiwa amesimama palepale. Baba yake Nasrin, ambaye familia yao ina duka la vipuri vya pampu mjini tangu enzi za babu yao, alianza kuangalia ni pampu za aina gani zipo kata zipi, ajue vipuri vya kuagiza. Nilijisikia kama mpishi anayechungulia dirishani na kuona watu wanarudia sahani.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mvua zilinyesha kidogo, zikakata mapema. Ikaamuliwa boza la maji, lile lori la tangi, lizungukie mitaa isiyo na maji, na njia ya boza ipangwe kwa takwimu za lango. Fundi mmoja aliandika programu ndogo: kila asubuhi inaiuliza API ni mitaa gani ina vituo visivyofanya kazi, na dereva anachapiwa orodha yake. Safi kabisa. Nilijivuna, naungama. Nilimwambia hata jirani yangu.

Siku moja asubuhi simu ya mezani ikalia. Alikuwa Nesi Tausi, muuguzi wa zahanati moja ya pembezoni mwa mji, mtaa ambao nitauita Chilonje. Nilikuwa namfahamu kidogo kwa sababu ya fomu za kila mwezi.

"Dada," akasema, "hivi nyie huko ofisini mnakunywa nini?"

"Kwani vipi, dada?"

"Boza linapita hapa barabarani, leo siku ya tatu. Nalipungia mkono. Dereva naye ananipungia. Anadhani namsalimia! Leo nikasimama katikati ya njia. Akaniambia, mama, Chilonje haimo, karatasi inasema Chilonje mna maji. Nina wazazi wawili wodini. Mmoja kajifungua alfajiri, nimemsafisha kwa maji ya chupa aliyoletewa na mumewe anywe. Huyu wa pili uchungu umeanza. Niambie hayo maji yenu yako wapi nikayachote."

Niliifungua orodha, nikatafuta Chilonje. Kisima cha pampu ya mkono, kinafanya kazi. Na pale kwenye tarehe ya ukaguzi, hakuna kitu. Nilijua ule mkono ni wa nani.

"Nasrin," nikaita, "chukua mtungi wa maji ya kunywa wa ofisi. Twende."

Tulikodi bajaji, mtungi tumeupakata. Njiani Nasrin aliniangalia mara mbili, kisha akaniachia. Tulimkabidhi Nesi Tausi ule mtungi mlangoni. Hakusema ahsante, aliingia nao ndani akikimbia, na nilifurahi hakusema. Tukaenda kisimani.

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpini wa pampu. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta uwele karibu na pale alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikamwitikia, nikamuuliza kisima hiki kimekufa lini.

"Hicho? Mjukuu wangu huyu alikuwa hajaanza kutembea." Akaonyesha mtoto mwenye sare za shule ya msingi.

Nasrin alimfungua mbuzi, akashika mpini, akaupandisha na kuushusha. Ukaenda kama hauna uzito. Akainamisha sikio. Mtoto wa duka la vipuri yule.

"Raba ya ndani imekwisha," akasema. "Chuma kizima, bomba zima. Mama, hii ni kazi ya nusu siku. Kama mtu angejua tu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, kuanzia fomu tupu hadi chai ya pili, nimesimama juani mbele ya mbuzi na yule bibi. Nasrin alisikiliza. Nilidhani atanihurumia au atanilaumu. Macho yake yalikuwa yanakwenda mbali, kama mtu anayepiga hesabu.

"Tarehe ya ukaguzi uliiacha tupu?"

"Haikuwa ya lazima."

"Zote arobaini na moja?"

"Zote."

"Basi tunaweza kuziuliza!" Akachomoa simu, akakaa juu ya jiwe. Akaiandikia API ombi moja: nipe kila kituo kinachosemwa kinafanya kazi, lakini hakina tarehe ya ukaguzi. Bando likasuasua. Kisha zikaja. Akahesabu kwa kidole, nami nikihesabu juu ya bega lake. Arobaini na moja, si zaidi, si pungufu. Dhambi zangu zote zilikuja kwa ombi moja, kila moja na mtaa wake, kata yake na namba yake.

Wanangu, niliona aibu, na papo hapo nilisisimka. Kwenye makabati ya zamani kosa kama lile lingezikwa na kuota fangasi. Hapa lilikuwa limeanikwa, linahesabika, linashikika! Tatizo unaloweza kuliorodhesha umeshalishika masikio.

Tulirudi ofisini moja kwa moja kwa Bwana Senyagwa. Nilimwambia kabla sijakaa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

"Tuzime lango," akasema. "Leo hii. Tuseme kuna matengenezo. Kabla watu hawajaona."

"Watu wameshaona, Bwana Senyagwa. Anayeamka na ndoo kavu hahitaji intaneti."

"Mama Yusta, unastaafu karibuni. Unataka uondoke na doa hili?"

"Doa ninalo tayari. Ninachotaka ni boza liende Chilonje."

Akamgeukia Nasrin kama anayetafuta msaada. Nasrin akasema kwa adabu, lakini alisema: "Bosi, tukizima, boza halitakuwa na orodha kabisa. Nipe saa moja niongeze chaguo la tatu: 'haijulikani'. Hivi arobaini na moja vinakuwa haijulikani, na programu ya boza tunaiambia mtaa usiojulikana uhesabiwe kama hauna maji, mpaka mtu afike."

"Na watu wakiuliza kwa nini hali imebadilika?"

"Tutaandika kwa nini," nikasema.

Ni mtu mwoga, nimewaambia, lakini mwoga naye ana siku yake. Alichukua simu ya mezani, akampigia mwenyewe msimamizi wa boza. "Gari likiwa njiani ligeuze. Ndiyo, Chilonje, zahanati kwanza. Orodha nitakuletea kwa mkono wangu."

Nasrin alimaliza kabla ya saa moja kwisha. Tukaifungua ramani kwenye ukuta wa chumba cha mikutano. Alama za buluu arobaini na moja ziligeuka kijivu mbele ya macho yetu, zikauzunguka mji kama majivu. Niliwaza, Mzee Rajabu angeipenda ramani hii.

Siku tatu zilizofuata sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Tuligawana simu. Mimi nikapiga kwa watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, mmoja baada ya mwingine. "Shikamoo mwenyekiti, mguu wako unaweza kufika kisimani sasa hivi nikiwa kwenye simu?" Nikawa nasikia viatu vikikwaruza changarawe, mbwa wakibweka, mtu akihema. Mwenyekiti mmoja alisukuma mpini wa pampu akiwa ameweka simu mfukoni, nikasikia maji yakimwagika, chwaaa, nikasimama na kupiga makofi peke yangu. "Yanatoka, mama! Umesikia?" Nimesikia, baba. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Huku hakuna kitu, mama. Tulishasahau kama kuna kisima." Kila nilipotaja namba, Nasrin aliandika, na alama moja ya kijivu ikawa buluu au nyekundu. Na kila moja, sasa, ikawa na tarehe, na jina la aliyefika. Wafanyakazi wa vitengo vingine wakaanza kuchungulia mlangoni. Mhasibu akaomba apewe namba mbili apige na yeye. Mlinzi, yule aliyepanda ngazi siku ile, kumbe kwao ni mtaa mmojawapo. Akampigia mdogo wake.

Baba yake Nasrin alituma fundi na raba za pampu kwa vile ambavyo binti yake alitambua ugonjwa wake kwa kusimuliwa sauti tu. Kisima cha Chilonje kilikuwa cha kwanza kupona.

Nesi Tausi alinipigia jioni ile ya kwanza, boza lilipomaliza kujaza matangi yake. Nyuma yake nilisikia kitoto kikilia kwa hasira nzuri, hasira ya afya.

"Wa kike," akasema. "Nimemwogesha mpaka kachukia."

Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nikasikia maji yakitiririka upande wake, nadhani alikuwa ananawa.

"Ungekuja kuuliza, dada," akasema. "Ningekupa uji na jibu." Basi. Hakuongeza, nami sikutafuta zaidi.

Tulipomaliza, Nasrin alifungua ukurasa mpya kwenye lango, wa kuandika mabadiliko: nini kimebadilishwa, lini, kwa nini. Alinipa kiti niandike wa kwanza. Bwana Senyagwa alipendekeza maneno kama "kufuatia maboresho ya mfumo". Nikaandika hivi: "Hali ya vituo arobaini na moja ilijazwa bila kukaguliwa. Aliyejaza ni Anjelina, wa kitengo cha takwimu. Vyote vimekaguliwa upya, na kila kimoja sasa kina tarehe." Bwana Senyagwa aliisoma mara tatu, akaguna, akasema iende.

Mkitaka ujuzi wa mikono, huo ndio niliobaki nao. Sanduku tupu liacheni tupu, au liandikeni "haijulikani". Mfumo ukiwagomea, wagombeni walioutengeneza, msiidanganye orodha. Tarehe iende na kila kitu. Na mnapotumia takwimu za wenzenu, ulizeni kwanza lini mtu alifika pale, ndipo mchore ramani zenu nzuri za rangi.

Nilistaafu. Siku ya kuagwa, baada ya pilau na hotuba, Nasrin alinivuta pembeni kwenye korido. Alikuwa amekuwa mkuu wa lango kwa wakati huo.

"Mama, nina zawadi yako. Sijaifunga kwenye karatasi." Akasita. "Ule mstari wenye jina lako kwenye ukurasa wa mabadiliko. Naweza kulitoa jina. Nibakize 'afisa wa kitengo'. Umefanya kazi miaka yote hii, sioni haki watu wakilitafuta jina lako wakukute pale tu."

Machozi yalinilenga, maana ilikuwa zawadi ya upendo. Nikamshika mkono.

"Liache, mwanangu. Atakayekuja baada yako akikosea, aone kwamba mtu alikosea hapa, akasema, na hakufa."

Sasa nipo nyumbani, nina kuku na wajukuu na simu yenye kioo kikubwa. Asubuhi nikimaliza chai nafungua lango, kama wengine wanavyofungua magazeti. Wiki iliyopita niliingia kwenye ukurasa wa mabadiliko. Chini kabisa kulikuwa na mstari mpya, umeandikwa jana yake:

"Orodha ya vituo vya afya ilikuwa na saa za zamani za kufungua kwa siku mbili. Nilipakia faili lisilo sahihi. Nimerekebisha, na nimezipigia simu zahanati zote kuhakikisha. Nasrin."

Hakuna aliyemgundua. Nilimpigia kuuliza, akaniambia aliliona mwenyewe, akiwa anakagua. Angeweza kulibadilisha faili kimya kimya na dunia isijue.

Nilipiga kelele tena, wanangu. Safari hii jirani ndiye aliyekuja mbio.